Kupanda Mto wa Kauli

Katika mji ule hapakuwa na mtu aliyesema "nadhani". Neno hilo lilikuwa limekufa zamani na hakuna aliyehudhuria mazishi yake. Watu walisema "imethibitishwa". Muuza maandazi alisema imethibitishwa, hakimu alisema imethibitishwa, hata wapenzi walipoagana nje ya lango la hospitali waliambiana kwamba imethibitishwa wataonana tena. Saa zenyewe zilifuata sauti za watu: mwenye sauti kubwa akisema ni adhuhuri, mishale ilisogea ikamridhia, na vivuli vikajikunja kwa adabu chini ya miguu ya wapita njia. Katika mji huo, ambao jina lake lilikuwa limefutika kwa kutotumiwa, aliishi binti aitwaye Sikudhani, mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne. Wenzake walimtania kwa jina lake. Walisema amebeba maiti ya neno kifuani.

Sikudhani hakukasirika. Alikuwa mtu wa kutazama sana na kujibu kidogo, na alijiamini kwa namna isiyohitaji mtu wa kuishuhudia. Lakini tangu alipoanza kuingia wodini, kuna swali lililokuwa limemganda kama pamba kwenye kidonda. Neno hupata wapi nguvu ya kumlaza mtu kitandani? Nani hulipatia neno mkono wa kushika sindano? Mtu husema, mwingine hurudia, wa tatu huandika, na wa nne huamka asubuhi akamwekea mtoto kijiko mdomoni. Kati ya wa kwanza na wa nne kuna umbali gani, na nani amewahi kuutembea?

Wodi ya watoto ilikuwa kimya siku hiyo. Watoto waliolazwa humo walikuwa na homa ya jina. Ugonjwa huo ulianza kwa joto la mwili kama homa yoyote, kisha ukaingia ndani zaidi na kumsahaulisha mtoto jina lake, na aliyesahau jina kwa muda mrefu hakurudi tena kwa watu wake. Dawa iliyotumika ilikuwa unga mweupe ulioitwa tulizo. Mtoto aliyelia usiku kucha, akipewa tulizo, alinyamaza. Ndugu walifurahi, wauguzi walipumua, na mji mzima ukasema watoto wanapona.

Kitandani karibu na dirisha alilala mtoto wa kike aitwaye Mwanaheri. Mama yake, Bi Tausi, mwanamke mrefu aliyefunga kanga kifuani kama anayekwenda kupigana, alimshika Sikudhani mkono.

"Daktari, njoo uone. Mwanangu ametulia, sikatai. Lakini hayupo."

"Hayupo kivipi, mama?"

"Jana alikuwa analia hadi sauti inakauka, lakini nikimwita anageuka. Leo halii, na nikimwita hageuki. Haya, niambieni nyinyi mliosoma, nafuu ni ipi hapo?"

Sikudhani aliinama. "Mwanaheri," akaita. Macho ya mtoto yalikuwa wazi, yakimpita kama anayetazama ukuta kupitia kioo. Akaita tena. Hakuna kilichogeuka.

Wakati huo Daktari Lwiza aliingia. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa hospitali, mtu wa mwili mkubwa na mkono mwepesi, aliyewatibu watu wa mji ule tangu hospitali ikiwa chumba kimoja kisicho na bati. Walimpenda, na haki yake. Sikudhani alimwamkia, naye akaitikia huku akipapasa mshipa wa mtoto.

"Mwongezeeni tulizo, mara mbili," alisema. "Na wewe Sikudhani ujiandae. Baraza la mji linakaa jioni. Litaagiza kila mtoto apewe tulizo, mgonjwa na asiye mgonjwa, tuikate homa hii kabla haijaanza. Wewe una sauti safi, utasoma hoja."

"Nitashukuru, Daktari. Lakini samahani. Tulizo linaponya watoto, hilo limethibitishwa na nani?"

Muuguzi aliyekuwa akikunja shuka alisimama nusu ya mkunjo. Saa ya ukutani ilijikwaa.

"Na nani?" Daktari Lwiza alirudia, kama mtu aliyeulizwa hewa ni ya nani. "Na wote. Imeandikwa kwenye Kitabu Kikubwa cha tiba. Mimi nilifundishwa hivyo, nawe nimekufundisha hivyo."

"Aliyekufundisha aliona?"

Daktari Lwiza aliuachia mshipa wa mtoto. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka hupenda jibu lililokwisha kupikwa.

"Binti, sina ugomvi na swali lako. Nina ugomvi na muda. Lete chanzo kabla baraza halijaketi. Ukirudi mikono mitupu, utasoma hoja kama ilivyoandikwa."

"Na dozi ya huyu mtoto?"

Bi Tausi alijibu kabla ya daktari. "Dozi ya huyu itasubiri. Kijiko kikitaka kupita hapa, kitapita kwanza kwangu."

Sikudhani aliondoka na koti lake jeupe, akaanzia pale ambapo kila mtu wa mji ule alianzia alipotaka kujua jambo: Soko la Kauli. Huko kauli zilitundikwa kama vitenge, za kila rangi, na zilizosifiwa zaidi zilikuwa zile zilizong'aa. Wauzaji walipaza sauti. Hii inaponya figo! Hii wanaificha madaktari! Hii imesambazwa na watu elfu elfu! Katikati ya soko alikaa kijana aliyevaa shati lisilokuwa na kunyanzi hata moja, ambaye watu walimwita Mtoa Majibu. Hakupaza sauti. Hakupepesa macho. Alijibu kabla ya kuulizwa, kwa upole uliomfanya mtu aone haya kuwa na shaka.

"Karibu sana, dada. Umeuliza swali zuri. Tulizo linaponya homa ya jina kwa watoto. Imeelezwa kinagaubaga katika kitabu cha Mganga Msafiri, juzuu ya pili, ukurasa wa kati."

"Kitabu hicho kiko wapi?"

"Kipo."

"Wapi, kaka? Nataka kukishika."

"Kipo, dada, tena kinasifiwa sana."

Sikudhani alizunguka kwa wauza vitabu wote wa soko, akalitaja jina lile. Hakuna aliyewahi kukiona kitabu, wala kuzika au kuzaa mtu aliyeitwa hivyo. Akarudi.

"Uko sahihi kabisa, dada," alisema Mtoa Majibu, bila kupungukiwa na furaha. "Samahani kwa usumbufu. Kitabu chenyewe ni kingine." Akataja kingine, chenye jina zuri zaidi, ambacho nacho hakikuwapo.

Hapo Sikudhani alielewa jambo lililompoza mwili. Kijana huyu hakuwa mwongo. Mwongo anaujua ukweli na kuuficha mfukoni. Huyu alijua tu jinsi ukweli unavyotamkwa, mahali unapopumua, mahali unapotua, na alikuwa akiimba wimbo wake bila kuwa na habari kama maneno yamo au hayamo. Na watu walipanga mstari mbele yake. Kwa nini? Sikudhani alijiuliza huku akitoka. Kwa sababu anajibu. Kwa sababu hachoki. Kwa sababu hasemi "ngoja". Sisi tunaokwenda hospitalini na hofu zetu, tunataka nini zaidi ya mtu asiyesema ngoja?

Juu kidogo ya soko ilisimama Nyumba ya Rejea. Ilikuwa nyumba ya vitabu, na wengi waliipita wakidhani ni ghala. Mkutubi wake aliitwa Bi Ndeshi. Alikuwa amesomea udaktari ujanani kisha akasomea ukutubi, na alisema mwenyewe kwamba alihama kazi kwa sababu alitaka kutibu maneno kabla hayajafika kwa wagonjwa.

"Unatafuta nini?" alimuuliza Sikudhani.

"Dawa ya homa ya jina."

"Hiyo ni tamaa, bado si swali. Lipe miguu. Wagonjwa gani unaowasemea?"

"Watoto wenye homa ya jina."

"Unawapa nini?"

"Tulizo."

"Ukilinganisha na nini?"

"Na kutowapa."

"Na unangoja kuona nini ili useme imefaa? Angalia hapo, ndipo wengi wanapozama."

Sikudhani alifungua kinywa kusema "watulie", kisha akayaona macho ya Mwanaheri. "Wageuke wanapoitwa," alisema.

Bi Ndeshi alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akamwongoza hadi mlango wa nyuma, akaufungua. Nje ulipita mto mpana, rangi ya karatasi kuukuu, ukishuka kutoka milimani kuelekea sokoni.

"Huu ni Mto wa Kauli. Kauli zote za mji huu huja na maji haya. Zikifika kwetu zimelainika kama mawe ya mtoni, hazina kona hata moja, ndiyo maana zinapendeza mkononi. Lakini kona zile ndizo zilizokuwa ukweli wake. Neno rejea maana yake nini?"

"Kurudi."

"Basi rudi nalo lilikotoka. Panda. Kila mlango utakaobisha, usiulize mwenyewe ni mkubwa kiasi gani. Uliza aliona nini kwa macho yake, kwa watu gani, wangapi, na nani alimtuma. Akisema alisikia, mshukuru, uendelee kupanda."

Sikudhani alipanda. Kingo za mto zilikuwa za udongo uliojaa herufi, zikipondeka chini ya viatu. Kadiri alivyopanda, wakati ulilegea. Jua lililokuwa magharibi lilianza kupaa kurudi lilikotoka. Mikono ya koti ilimrefukia, akaikunja, ikarefuka tena. Alipotazama miguuni aliona amevaa viatu vya shule ya sekondari, vile vilivyokuwa na mshono wa uzi mweusi kisiginoni. Hakuogopa. Alijisemea kwamba hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Anayerudi kwenye mwanzo wa jambo huacha vyeo njiani, kimoja kimoja, kama anayevua nguo kabla ya kuoga.

Nyumba ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko ukumbi wa baraza. Mwenye nyumba alikuwa ndiye mwandishi wa Kitabu Kikubwa, mzee mwenye sauti iliyotoka mbali, amezungukwa na nakala za kitabu chake kama mtu aliyejengewa ukuta.

"Shikamoo, mzee. Umeandika kwamba tulizo huwaponya watoto homa ya jina. Uliona?"

"Marahaba. Niliandika."

"Uliona?"

"Binti, kitabu changu kimechapishwa mara nyingi kuliko miaka yako."

"Hongera sana, mzee. Uliona?"

Mzee alicheka mpaka nakala zikatikisika. "Wewe umelelewa na nani wewe? Sikuona. Nilichukua kwa jirani wa juu. Yeye aliandika kwamba wagonjwa wa homa hupata nafuu wapewapo tulizo. Nami nikasema, wagonjwa wa homa huku kwetu ni akina nani kama si watoto wenye homa ya jina? Na nafuu ni nini kama si mwanzo wa kupona? Nikanyoosha sentensi. Sentensi iliyopinda haikai vizuri kitabuni."

Sikudhani alishukuru, akaendelea. Alipofika nyumba ya pili kimo chake kilikuwa cha msichana wa darasa la saba. Mlangoni alikutana na mama mmoja mchangamfu, mwandishi wa makala fupi fupi, aliyekuwa akila muhogo wa kuchemsha huku akiandika kwa mkono wa pili.

"Karibu muhogo, mwanangu. Nini tena?"

"Asante, mama. Umeandika wagonjwa wa homa hupata nafuu. Uliwaona?"

"Mimi? Wala. Nilipanda mpaka nyumba ya juu. Mlango wa ndani ulikuwa na kufuli, nikasoma kilichobandikwa nje, ule muhtasari. Umeandikwa 'walitulia'. Sasa mtu anayepewa dawa si ni mgonjwa? Na mgonjwa huku kwetu ana nini kama si homa? Na mgonjwa akitulia si amepata nafuu? Nikaandika hivyo, maana nilikuwa na makala nyingine tatu za kumaliza."

"Hukurudi siku nyingine, kufuli likiwa limefunguliwa?"

"Siku nyingine ilikuja na makala nyingine," alisema mama yule, na kwa mara ya kwanza akaacha kutafuna.

Sikudhani alipanda, na maneno yakapanda naye, yakimpiga magotini kama nyasi ndefu. Walipona. Walipata nafuu. Walitulia. Watoto. Wagonjwa. Watu? Kila hatua neno moja lilivua vazi. Hakuna aliyedanganya. Hilo ndilo lililomkera. Angemkuta mwongo angejua la kumfanya. Lakini hapa kila mmoja alikuwa amesogeza neno kidogo tu, kwa nia njema, kama mtu anavyosogeza kiti cha mwenziwe ili apite, na mwisho wa kusogezwa kwake neno lilikuwa limekaa juu ya kifua cha Mwanaheri. Na mji? Mji ulilipokea kwa mikono miwili kwa kuwa mji ulipenda ukimya. Mtoto anayelia ni aibu ya nyumba, ni kelele kwa jirani, ni lawama kwa hospitali. Dawa inayomnyamazisha humponya kila mtu isipokuwa yeye.

Juu kabisa, mto ulikuwa kijito chembamba kilichotoka chini ya sakafu ya chumba kimoja cha bati. Kufuli lilikuwapo mlangoni, lakini Bi Ndeshi alikuwa amempa ufunguo, na mlango ulifunguka. Sikudhani aliingia akiburuta koti, maana sasa alikuwa mtoto, mkubwa kidogo tu kumzidi Mwanaheri. Mezani alikaa mwanamke kijana, umri ule ule aliokuwa nao Sikudhani asubuhi alipotoka nyumbani. Wino wa karatasi yake ulikuwa haujakauka. Aliitwa Daktari Mwanakombo.

"Leo ni lini?" Sikudhani aliuliza.

"Ni leo. Hapa ni leo siku zote. Nani kakuleta, mtoto?"

"Nimekuja mwenyewe. Tulizo. Ulijuaje?"

Mwanakombo aliweka kalamu chini taratibu. Alimtazama yule mtoto aliyevaa koti la mtu mzima, na uso wake ukafunguka kama dirisha la chumba kilichofungwa msimu mzima.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Kaa. Nilikuwa na watu wanane, wapagazi wa stesheni, watu wazima wenye afya zao ila hawakupata usingizi. Niliwapa tulizo. Walitulia, wakalala. Ndicho nilichokiona, ndicho nilichokiandika."

"Walipona?"

"Wapone nini? Hawakuwa wagonjwa."

"Walikuwa na homa ya jina?"

"Hakuna hata mmoja."

"Na watoto?"

Mwanakombo aligeuza karatasi, akaweka kidole kwenye aya ya mwisho. Iliandikwa kwa herufi zilizonyooka: Wanane ni wachache mno kwa kutolea uamuzi. Watoto hawakupimwa. Asipewe mtoto mpaka ipimwe, kwani dawa inayotuliza kupita kiasi huweza kumzuia mtoto asiitikie.

Sikudhani alisoma mpaka mwisho, kisha akasoma tena, kisha akamweleza yanayosemwa chini, wodini, sokoni, kwenye Kitabu Kikubwa. Mwanakombo alisimama. Alizunguka chumba. Alifika mlangoni akitaka kushuka mto, lakini leo yake ilimshika mguu, akarudi.

"Niliandika," alisema kwa sauti iliyopasuka. "Hapa hapa. Ningeandikaje tena? Kwa herufi kubwa kiasi gani?"

"Uliandika vizuri," alisema Sikudhani. "Sisi ndio hatukuja."

Akanakili maneno yote kama yalivyo, na kona zake zote, pamoja na jina la mwandishi na njia ya kufika, ili yeyote atakaye aweze kupanda mwenyewe. Kisha akashuka. Alikua njiani: kimo kilimrudia, sauti ikamshukia kifuani, viatu vya shule vikabaki mahali fulani kwenye tope. Alipoingia ukumbini mwa baraza alikuwa ameupita umri wake kidogo, na unywele mmoja mweupe ulimchungulia kando ya sikio.

Ukumbi ulijaa. Waheshimiwa wa mji walikaa mbele, na Daktari Lwiza akasimama kumkaribisha. "Soma hoja."

"Hoja ina neno moja," alisema Sikudhani. "Walitulia."

Watu walinong'onezana. Naye akawaeleza safari yote, mlango kwa mlango: lilivyokuwa "walitulia" likawa "walipata nafuu", likawa "walipona", walivyokuwa wapagazi wanane wasiolala wakawa wagonjwa, wakawa watoto wa mji mzima. Hakupaza sauti, wala hakumsema mtu vibaya. Alipomaliza, mzee mmoja wa baraza aligonga meza.

"Na wewe ni nani hata tukuamini wewe tuache Kitabu Kikubwa?"

"Msiniamini, mzee," alijibu bila kutetereka. "Mkiniamini mimi mtakuwa mmehamia tu kwenye sauti nyingine. Njia iko nyuma ya Nyumba ya Rejea. Mto hauna mlinzi, na ufunguo nimemrudishia Bi Ndeshi. Tumeni mnayemwamini akaangalie. Lakini kabla hajarudi, msimpe mtoto kijiko."

Daktari Lwiza alinyoosha mkono. "Nipe nakala."

Aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma yote, mpaka aya ya mwisho, na ukumbi mzima ukangoja, na hakuna aliyekumbuka lini mara ya mwisho mji ule uliwahi kungoja. Mishale ya saa ilikosa sauti ya kuifuata, ikaanza kutembea kwa mwendo wake yenyewe. Daktari alivua miwani.

"Wanane," alisema.

"Wanane, Daktari."

"Nami nitapanda mwenyewe asubuhi. Ila Sikudhani amesema kweli, hilo halingoji asubuhi." Akawageukia wauguzi waliosimama ukutani. "Sitisheni tulizo. Kila mtoto. Wapeni maji, wapozeni miili, muwaangalie kwa zamu, na wazazi wasitolewe wodini."

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Tulizo lilipoondoka mwilini, watoto walianza kulia, na wodi iliyokuwa kimya ikawa kama uwanja wa shule. Waheshimiwa walilalamika. Majirani walilalamika. Daktari Lwiza alirudi kutoka mtoni akiwa na tope hadi magotini, na hakulalamika. Bi Tausi alikaa pembeni mwa kitanda akiita, "Mwanaheri. Mwanaheri, mama. Mwanaheri," asubuhi kwa sauti ya kubembeleza, mchana kwa sauti ya kuchoka, alasiri moja kwa sauti ya mtu anayemtuma mtoto dukani na mtoto anajifanya hasikii.

"Nimesikia!" mtoto alijibu kwa hasira, akageuka.

Bi Tausi alipiga kigelegele kilichofika sokoni. Kufumba na kufumbua, umati ulikuwa mbele ya hospitali, na mpiga mbiu akiwa juu ya ngazi. "Imethibitishwa! Sauti ya mama inaponya homa ya jina! Sikudhani amethibitisha!" Tayari wengine walikuwa wakimvuta Bi Tausi kanga waende naye nyumbani kwao, awaitie watoto wao.

Sikudhani alitoka nje. Walimshangilia kwa muda mrefu. Alihisi utamu wa shangwe zile ukimpanda kifuani, na akaujua: ulikuwa utamu wa kuwa chanzo bila kuwa umeona. Ungekuwa rahisi sana. Neno moja tu, na mji ungekuwa wake.

"Haijathibitishwa," alisema.

Shangwe ilikatika.

"Mtoto huyu mmoja amegeuka. Nimemwona kwa macho yangu. Aliacha dawa, alipewa maji, aliitwa na mama yake, na siku zilipita. Kipi kati ya hivyo kimemrudisha? Sijui."

Neno hilo liliwapiga kama maji baridi. "Hujui?" alipaza mtu. "Mwanafunzi wa udaktari asiyejua anatusaidia nini?"

"Nitawaangalia na wengine. Wote, waliogeuka na wasiogeuka. Nitaandika nilichoona, na pale nisipoona nitaandika sikuona. Mtakaponisoma, njooni mniulize kama nilivyokwenda kuuliza."

Waliguna. Mpiga mbiu alishuka ngazi, maana hakuwa na la kutangaza. Mmoja mmoja wakatawanyika, wengi wakielekea sokoni ambako majibu yalikuwa tayari, wachache wakibaki kidogo kumtazama binti yule aliyesimama wima, asiye na dalili yoyote ya kushindwa. Kisha nao wakaondoka.

Bi Tausi hakuondoka. Alitoka wodini akiwa amempakata Mwanaheri, ambaye alikuwa akinung'unika kwamba ana njaa, na akaketi kwenye ngazi pale pale aliposimama mpiga mbiu.

"Hao wameondoka," alisema. "Mimi niliyekuwepo usiku na mchana niko hapa. Hakuna aliyeniuliza kitu tangu siku ya kwanza. Haya, niulize."

Sikudhani alikaa kando yake, akafungua kalamu.

"Joto lilimwanza lini, mama?"

"Subiri nikumbuke vizuri," alisema Bi Tausi. "Nisije nikakwambia uongo."

Na Sikudhani akasubiri.